Tambi za Dakika Tatu

Hapa Goma maharagwe hukaa motoni saa nyingi, na makala ni ghali. Tambi za pakiti huiva kwa dakika tatu. Momofuku Ando alizibuni huko Japani mwaka 1958, kwani alikuwa ameona watu wenye njaa baada ya vita.

Basi tumezionja. Za Kijapani, zenye supu ya kuku, ni laini, zamfaa mgonjwa. Za Kikorea huchoma ulimi. Za Kiindonesia humwagwa maji, zikatiwa soya tamu na pilipili. Hizo twazisifu kuliko zote.

Lakini zote zina chumvi nyingi, na njaa hurudi upesi. Enyi akina mama, msiwape watoto tambi tupu. Tieni mboga na sambaza wa Ziwa Kivu. Makala yatabaki, na mtoto atashiba.