Ubahili wa Betri

Kompyuta mpakato ya mwalimu mmoja wa Njombe ilikuwa na tabia iliyoitia mashaka nyumba nzima. Ilipochomekwa katika umeme ilishika waifai bila kuyumba. Ilipochomolewa, kurasa zilianza kukwama, na baada ya kitambo kidogo mawasiliano yakakatika, ingawa betri ilionyesha kuwa na zaidi ya nusu ya nguvu zake. Jambo hilo lingevumilika kama si mdogo wake, aliyekuwa akiomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu. Maombi hayo hupelekwa kwa mtandao pamoja na vyeti, na yana siku ya kufungwa. Mara mbili vyeti vilikwama njiani. Zilibaki siku nne.

Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema betri imechoka, inunuliwe nyingine. Na bei yake ilizidi matumizi ya kijana huyo kwa mwezi mzima. Mwingine aliilaumu baridi. Baridi ya Njombe, mji ulioinuka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, haikosi hatia yake, maana betri za lithiamu hupungukiwa nguvu katika baridi kali. Lakini betri iliyoishiwa huizima kompyuta nzima. Haichagui waifai ikakiacha kioo kiking'aa.

Mwalimu aliichukua mashine akashuka Makambako, mwendo wa kilometa 60 hivi, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Mbeya na reli ya TAZARA. Fundi aliyemwendea alikuwa kijana wa maneno machache.

"Kamwene, mwalimu. Mtandao hupotea umeme unapokatika, au hata umeme ukiwapo?"

"Hata ukiwapo, fundi. Nikichomoa chaja tu."

Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko betri mpya. Umeme unapokatika, kompyuta huhamia katika betri na ruta huzimika papo hapo, basi mtu huitia kompyuta kosa lisilo lake. Anayetaka kujua ukweli na achomoe chaja wakati umeme upo na taa za ruta zinawaka. Mtandao ukipotea hapo, ruta haikukosa umeme. Sababu itafutwe katika namna kompyuta inavyobana matumizi.

Nayo hubana kweli. Kanuni za waifai, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1997, huiruhusu redio iliyo ndani ya kompyuta kulala ili kuokoa nguvu. Ruta huiwekea mizigo yake, na mara kumi hivi kwa sekunde hutoa tangazo linalosema ni nani aliyewekewa. Redio huamka, husikiliza, huchukua chake, kisha hulala tena. Mapatano haya ni mazuri pande zote mbili zikiyatimiza. Ziko ruta zisizoyatimiza vyema: hutupa mzigo wa aliyelala, au humhesabu kuwa ameondoka. Kampuni ya Microsoft yenyewe iliwaeleza shida hii watumiaji wa Windows Vista, programu iliyotolewa kwa umma Januari 2007. Nayo haijatoweka, kwani ruta za zamani huishi maisha marefu.

Fundi alifungua mipangilio ya umeme, akatafuta sehemu ya adapta ya waifai, na katika mstari wa betri akaondoa ubanaji, akachagua utendaji wa juu kabisa. Katika kompyuta nyingine sehemu hiyo haionekani. Basi huendewa orodha ya vifaa, ikaondolewa alama inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi ya waifai, na programu inayoiendesha kadi hiyo ikawekwa mpya. Gharama yake ni betri kwisha mapema kidogo. Kwa mtu mwenye vyeti vya kupeleka, hiyo si gharama ya kujadiliwa.

Maombi yalipokelewa usiku wa siku ya pili, chaja ikiwa mezani. Ruta ndiyo iliyobaki na haja yake, kwani hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoiwasha umeme ukikatika. Nyingi za majumbani hutumia volti 12, na betri ndogo ya akiba yenye volti hizo huweza kuishikilia kwa saa kadhaa. Lakini isomwe kwanza karatasi iliyobandikwa chini yake, maana ziko za volti 9 na za volti 5.