Folda Iitwayo Pundanhar

Walimu wenzetu wanaijua methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hutumiwa kuwahimiza watu waandike. Haisemi lolote, hata hivyo, juu ya daftari lililokwisha kuandikwa na mtu mwingine, kwa mkono wake na kwa utaratibu wake, kisha likatufikia sisi ili tuliendeleze. Katika makala haya twapenda kueleza jinsi tulivyoipokea kazi ya namna hiyo. Haikuwa katika karatasi bali katika kompyuta. Lakini swali iliyotuletea ni swali la kila mwalimu wa lugha.

Kazi yenyewe ilikuwa folda moja iliyopewa jina la Pundanhar. Pundanhar ni sehemu ya utawala katika wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini kabisa ya Msumbiji. Iko bara, magharibi ya mji wa Palma, kusini ya mto Ruvuma. Katika wilaya hiyo husemwa Kimakwe, Kimakonde na Kimwani, na Kiswahili kinafahamika sana. Kimakwe, ambacho Maud Devos alikiandikia kitabu cha sarufi kilichotoka mwaka 2008, ni jirani wa karibu wa lugha yetu. Vita vilizuka Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa. Watu wengi wa wilaya walihama. Baadhi wamerudi makwao, na wengine hawakurudi.

Yaliyomo katika folda hiyo yalikusanywa na mwalimu mwenzetu kutoka vinywani mwa watu waliohama. Mlikuwa na orodha za maneno, masimulizi mafupi, na programu ndogo ndogo alizoziandika yeye mwenyewe katika lugha ya Python, za kuyapanga maneno kwa mizizi yake na kutoa mazoezi ya darasani. Folda zilikuwa ndani ya folda, na faili zilikuwa nyingi kiasi kwamba kuipata moja ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Tukaamua kuiingiza kazi yote katika programu ya kuandikia iitwayo Leo, iliyoanzishwa na Edward K. Ream wa Marekani na inayotolewa bure. Jina hilo limefanana tu na neno letu, halihusiani nalo.

Programu hii huyapanga maandishi kwa ngazi. Kila kifungu kina kichwa na kiwiliwili, na kila kifungu chaweza kuwa na vifungu vingine chini yake, ambavyo mtu huvifungua au kuvifunga apendavyo. Waliozoea kuitumia kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 hawatapata taabu kuelewa: humo kitenzi husimama kama shina, na maneno yaliyozaliwa nacho hufuata chini yake. Leo hufanya vivyo hivyo na faili ya programu. Huisoma, hutambua kila fungu la maagizo lililomo, kisha hulipa kila fungu kifungu chake chenye kichwa. Mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza huiona sura ya kazi nzima kabla hajasoma mstari mmoja.

Hapo ndipo mjadala ulipotokea kati yetu. Baadhi ya wenzetu walisema kwamba tusafishe kwanza, ndipo tuingize. Walikuwa na hoja. Herufi nh katika jina la Pundanhar ni tahajia ya Kireno, nazo husimama mahali pa ny yetu. Na jirani yake, Quionga, kwetu ingeandikwa Kionga. Mkusanyaji aliyaandika majina na maneno mengi kama watu wa Msumbiji wanavyoyaandika. Je, walimu wa Kiswahili Sanifu wayaache hivyo?

Wengine, nasi tukiwa miongoni mwao, tuliona kwamba yaachwe. Tazama hilo jina la Quionga peke yake. Wajerumani walipaingiza mahali hapo katika koloni yao mwaka 1894, wakawa wanaandika Kionga. Wareno walipatwaa mwaka 1916, na katika makubaliano ya Versailles ya mwaka 1919 pakathibitishwa kuwa pao. Nao huandika Quionga. Kwa hiyo herufi zenyewe humwambia msomaji karatasi fulani ilitoka katika ofisi ya nani. Anayezigeuza zote kuwa za namna moja huufuta ushahidi huo, na hakuna atakayeweza kuurudisha. Ndivyo ilivyo kwa maneno ya watu wa Pundanhar. Mwandishi akiandika neno kwa namna mbili, huenda ni kwa sababu alilisikia kwa namna mbili, na aliyelitamka yawezekana hatumpati tena tukamwuliza.

Ipo na sababu ya pili, ambayo ni ya kompyuta yenyewe. Katika programu, jina ni anwani. Mstari unaosema faili ya Quionga isomwe hauijui Kionga. Anayebadilisha jina la faili kwa nia njema ataiona programu ikisimama, na kosa litaonekana kuwa la mwandishi wa kwanza. Hata nafasi tupu ya mwanzoni mwa mstari ni sehemu ya sarufi ya Python; ikipotea, maana hupotea pamoja nayo.

Basi tulikubaliana kupokea kwanza, na kupanga baadaye. Tulifanya kazi juu ya nakala, na ile ya asili haikuguswa. Tulianza na folda ndogo moja kabla ya kuiagiza programu iingie katika folda zote zilizomo ndani ya nyingine. Kisha ilitupasa kuchagua namna ya kuziunganisha faili na vifungu vyake. Alama ya @file huacha vialama vya Leo ndani ya faili yenyewe. Alama ya @auto haiachi kitu, lakini ngazi hujengwa upya kila faili inaposomwa, hata mpangilio wetu wenyewe usidumu. Tulichagua @clean: faili hubaki safi, mpangilio huhifadhiwa kando, na mtu mwingine akiibadilisha faili kwa chombo chake, Leo huyaingiza mabadiliko hayo katika vifungu. Hilo lilikuwa la lazima, kwa kuwa mwenzetu bado anakusanya, na haifai kumlazimisha atumie chombo chetu.

Baada ya kuingiza, tuliiagiza programu iziandike faili zote upya, tukazilinganisha na za asili herufi kwa herufi. Faili moja ilileta tofauti. Ilikuwa imehifadhiwa kwa utaratibu wa zamani wa herufi, wala si ule wa UTF-8 ambao Leo huutazamia isipoambiwa vingine, na herufi za Kireno kama ç na í zikawa takataka. Tuliutaja utaratibu wake kwa alama ya @encoding, tukaingiza tena, na safari hii zikalingana.

Ndipo tukaanza kupanga. Leo ina sifa moja iliyotupendeza mno: kifungu kimoja chaweza kuonekana mahali pengi bila ya kuwa nakala. Fungu la maagizo linalotafuta mizizi ya maneno sasa limo chini ya kamusi, na limo pia chini ya mazoezi. Likirekebishwa huku, limerekebishwa na kule. Usanifu wa tahajia haukuachwa. Umewekwa katika vifungu vyake wenyewe, kando ya maneno yaliyosikiwa, pamoja na tarehe na jina la aliyesanifisha. Mwanafunzi huona kile kilichosemwa, na huona kile tunachokifundisha, wala hakimfichi kingine.

Tunawaomba walimu wenzetu walio na makusanyo ya namna hii, yawe katika kompyuta au katika madaftari ya shule, wayapokee hivyo. Mwenye hamu ya kusahihisha na asahihishe, lakini kando, mahali panapoonekana. Kazi ya mwenzetu wa Pundanhar imo sasa katika ngazi zake mpya, na faili zake ziko vilevile alivyoziandika. Juma lililopita ametuletea orodha nyingine, nayo imeingia mahali pake.