Makala Katika Chumba cha Kulala

Sisi wakaaji wa Makomeno tumezoea kulaumu bomba kubwa la moshi la kiwanda, kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Wala si bure, vumbi la madini ni baya. Lakini kuna adui mwingine, naye twamwingiza kwa mikono yetu.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikikaza na umeme ukikatika, twaingiza mbabula chumbani, twafunga madirisha, watoto hulala. Makala yamekwisha kuwa mekundu, hayatoi moshi, basi twadhani hatari imepita. Sivyo! Yangali yatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hukamata damu mahali pa hewa njema. Kichwa huuma, miguu hulegea, na aliye usingizini aweza asiamke. Kisha twamtafuta mchawi kwa jirani!

Basi mbabula ikae uani usiku kucha. Mvua ikinyesha, barazani. Kufungua kidirisha kidogo hakutoshi. Mtoto akiona baridi, aongezewe blanketi. Mtu akikutwa amezimia, atolewe nje upesi, ndipo apelekwe hospitalini.