Sauti ya Dubai katika milima ya Bumbuli

Ukipanda kutoka Soni kwenda Bumbuli, mtandao hufuata vilima: mlimani upo, bondeni umepotea. Mzazi mwenye binti anayefanya kazi Dubai ana kikwazo cha pili, maana huko simu za WhatsApp huzuiwa. Ila ujumbe wa sauti hupita. Hula bando kidogo, na mama akiwa shambani humsubiri mpaka mtandao urudi.

Binti anunue laini ya huko. Ya nyumbani aizimie data, asije akakatwa fedha nyingi. Dharura ipigiwe simu ya kawaida.

Pangeni na saa: saa mbili usiku Bumbuli ni saa tatu Dubai. Mama mwenye presha akiulizwa kila jioni, “Umemeza dawa?”, hasahau kirahisi.