Mizani Haisemi Basi
Mama yetu alipopunguzwa tumbo kwa upasuaji, sisi watoto tulimpima kila Dominika baada ya Misa. Kila kilo iliyoshuka tuliipigia makofi. Alipofika kilo 72 daktari alisema yatosha. Sisi tukatamani 60. Kwa kutupenda, mama akawa anaisukuma kando sahani ya sambaza, ilhali tumbo dogo lahitaji protini kwanza. Nywele zikapukutika, mlima wa Kadutu, aliokwisha kuuzoea, ukamshinda tena. Ndipo tulipotambua kwamba furaha yetu ilikuwa imegeuka kuwa mzigo wake. Tukaiondoa mizani, tukamwomba radhi. Akatujibu: “Basi nileteeni sahani yangu, wanangu.”