Mchezaji Akishika Filimbi

Katika uaskari mtu hupokea amri miaka mingi kabla ya yeye mwenyewe kupewa madaraka ya kuitoa. Siku anapoyapata madaraka hayo ndipo utu wake hujulikana. Jambo hili nimelifikiri sana, na aliyenifikirisha si jemadari wa vita, bali mchezaji wa mpira wa magongo wa barafuni.

Mwaka 1977 nilikuwa askari kijana, nikapelekwa Muungano wa Sovieti kujifunza ufundi wa magari ya jeshi. Majira ya baridi yalipotufungia bwenini, tuliutazama mchezo huo katika televisheni. Kila upande una watu sita, pamoja na mlinda mlango. Huvaa viatu vyenye makali ya chuma, wakateleza juu ya barafu wakigombea kisahani cha mpira mgumu. Kasi yake ni kubwa hata mchezaji hutoka kupumzika kabla ya kutimiza dakika moja, na mwenzake huingia.

Sisi tuliipenda CSKA ya Moscow, kwa kuwa ilikuwa timu ya jeshi. Beki wake mmoja, Vyacheslav Fetisov, alikuwa na umri wa miaka 19. Mwaka ule ule timu ilikabidhiwa kocha mpya, Viktor Tikhonov, mtu mkali kupita kiasi. Chini yake wachezaji waliishi kambini sehemu kubwa ya mwaka, mbali na wake zao na watoto. Nao walishinda karibu kila kikombe. Basi nikarudi nyumbani nikiamini kwamba ushindi ni mtoto wa ukali.

Miaka michache baadaye nilipewa kuifundisha timu ya kandanda ya kikosi chetu. Niliwafungia vijana kambini kama nilivyoona ugenini. Siku mbili kabla ya fainali, winga wetu wa kushoto alisimama mbele yangu kwa heshima, akaomba ruhusa: mtoto wake alikuwa na homa. Nikamjibu, "Mama yake yupo. Wewe unao wajibu hapa." Akapiga saluti, akageuka. Tulishinda mabao mawili kwa moja, na bao la pili alilifunga yeye. Alipofika nyumbani alikuta mtoto amekwisha kuzikwa.

Hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliirudisha jezi ikiwa imefuliwa na kukunjwa, akaniambia, "Asante, Afande." Hakucheza tena. Kikombe kile kilikaa katika kabati la mesi, nami kila nilipopita niliangalia upande mwingine.

Nilipostaafu, nilizitafuta habari za yule beki wa Moscow nijue mwisho wake. Alikuwa amekuwa nahodha, na pamoja na wenzake alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 na 1988. Kisha akataka ruhusa rasmi ya kwenda kucheza Amerika. Hakutaka kutoroka, alitaka kutoka kwa mlango wa mbele. Kwa ajili hiyo akaondolewa katika timu. Hapo ndipo wenzake waliposema hadharani, mbele ya televisheni, kwamba bila nahodha wao hawataingia katika mashindano ya dunia ya mwaka 1989. Akarudishwa, wakashinda, na mwaka huo huo akaondoka kwa ruhusa. Nilijiuliza: ni nani katika vijana wangu angalisimama hivyo kwa ajili yangu?

Huko Marekani, akiwa na timu ya Detroit, alitwaa Kikombe cha Stanley mwaka 1997. Siku chache baadaye gari walimokuwa lilipata ajali. Fetisov alipona, lakini mwenzake Vladimir Konstantinov aliumia vibaya, asicheze tena maishani. Walipokitwaa kikombe mara ya pili mwaka 1998, walimwingiza uwanjani kwa kiti cha magurudumu, wakamwekea kikombe mapajani.

Mwaka huo Fetisov aliacha kucheza, akiwa na miaka 40, akawa kocha msaidizi wa New Jersey, timu iliyotwaa kikombe mwaka 2000. Katika Olimpiki ya mwaka 2002 alikuwa kocha mkuu wa Urusi. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo Igor Larionov, mwenye miaka 41, mmoja wa wale waliomtetea mwaka 1989. Walirudi na medali ya shaba.

Sisemi kwamba nidhamu ni ubaya. Jeshi bila nidhamu ni kundi la watu wenye silaha, na Fetisov mwenyewe alifunzwa katika nidhamu hiyo. Lakini yeye alikumbukwa na wenzake kabla hajashika filimbi. Mimi niliposhika yangu nilisahau kwamba nami nilikuwa mchezaji.

Sasa ninawafundisha vijana wa kambi ya polisi iliyo jirani nasi. Mwezi uliopita golikipa aliniomba ruhusa siku ya mchezo. Mkewe alikuwa karibu kujifungua. Nilimpa nauli. Tulifungwa mabao matatu.

Mtoto ni wa kike, na mama yake ni mzima.