Nilimfanya Jini Mke wa Watu

Kiingilio kilikuwa shilingi mia moja. Usiku ule wa mwaka 2007 banda lilijaa hadi wengine wakasimama mlangoni na miavuli yao, na wote niliwadanganya. Nilikuwa mtafsiri wa picha katika kibanda umiza hapa Mlola, milimani Lushoto. Kazi yangu ilikuwa kushika maiki, kupunguza sauti ya Wazungu na kuweka yangu. Kiingereza nilikuwa nacho kile cha kidato cha pili, na hata hicho nilikuwa nakitambia kuliko nilivyokisoma.

Vijana waliozaliwa wakakuta simu hawataielewa kazi hii, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Dar es Salaam alikuwapo Lufufu, jina lake halisi Derek Mukandala, aliyerekodi masimulizi yake juu ya picha za nje, na kanda zake zikasambaa. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana mavijei wao. Sisi wa vijijini tuliokota makombo ya hao wakubwa: tulitafsiri papo kwa papo, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. Kanuni yetu ilikuwa moja. Picha unaitazama kwanza peke yako, walau mara mbili, ndipo uwaite watu. Ile ya usiku ule sikuitazama hata mara moja.

Diski niliinunua Lushoto mjini, mojawapo ya zile zenye picha nane kwa pamoja, zote za George Clooney. Ya nne iliitwa Solaris. Nilisikia kwamba inahusu mambo ya angani, nikaona inatosha. Asubuhi ya siku ya gulio nikaandika ubaoni kwa chaki: SOLARIS, VITA VYA SAYARI. Jamaa mmoja akaniuliza kama ni picha ya wale wanaouza sola. Nilimcheka mbele za watu, nikamwambia aje ajionee makombora.

Hakuna kombora hata moja. Picha inaanza na matone ya mvua juu ya kioo cha dirisha, na nje kwetu nako kunanyesha, bati linapiga kelele, basi kwa muda watu hawakujua kama imeshaanza. Mwanamume amekaa kitandani, kimya. Yuko kwenye treni, kimya. Anakata mboga jikoni, anajikata kidole, anakitia kwenye maji. Nami maiki mkononi, koo limekauka. Mtafsiri akinyamaza nusu dakika tu, vichwa vinageuka kumtafuta.

"Oyaa, huyu ndiye stelingi wetu," nikasema. "Komando mstaafu. Mcheki anavyojiandaa."

Chris Kelvin si komando. Ni mtaalamu wa mambo ya akili, anaitwa kwenye kituo kinachoizunguka sayari ya Solaris kwa sababu waliomo wameanza kuchanganyikiwa, na rafiki yake aliyemwita anamkuta ameshajiua. Analala usingizi. Anapoamka, pembeni yake yuko mkewe Rheya, ambaye alikwisha kufa duniani miaka iliyopita. Anamgusa, anazungumza naye. Sayari ile imeingia katika kumbukumbu zake akiwa usingizini na kumuumbia mtu.

Hapo banda likaamka, tena bila msaada wangu. Ndiyo sehemu ninayoijutia kuliko zote, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kuitazama picha kwelikweli. Mzee mmoja wa benchi la mbele aliuliza kwa sauti, "Anakula huyo? Kama anakula si mzimu." Mwingine akadakia kwamba mzimu hauji mchana. Vijana wa nyuma wakapiga kelele, "Tuonyeshe miguu! Tuonyeshe miguu!", maana kila mtoto wa mkoa wa Tanga anajua kwamba mwanamke mzuri asiyejulikana alikotoka unamtazama kwanza miguuni, usije ukakuta kwato. Kuna aliyesema taratibu, sikumtambua ni nani, "Mbona kama mwenyewe hajui amefikaje pale?"

Hilo swali la mwisho ndilo picha yenyewe. Nimekuja kulitambua miaka mingi baadaye. Usiku ule nilisikia tu kwamba watu wananizidi sauti, na hofu ikanipanda. Nikaongeza sauti ya maiki. "Ni jini, wadau! Kwato anazo, kamera inamficha! Stelingi ameshamshtukia!" Bahati yangu mbaya, picha ikanisaidia kusema uongo. Kelvin anamchukua mkewe, anamwingiza kwenye chombo kidogo, anafunga mlango na kumfyatua angani. Yule mwanamke anamtazama mumewe kupitia kioo. Mimi nikapaza sauti: "Kwaheri jini! Nenda kwenu!" Banda likalipuka vicheko na miluzi.

Mtu mmoja akainuka akatoka kwenye mvua. Alikuwa dereva wa Fuso aliyekuja kupakia kabichi za kwenda Dar. Arobaini ya mkewe ilikuwa imesomwa juzijuzi tu. Nilijua. Wote tulijua, hata wapakiaji walikuwa wamemchangia. Na nilimwona alipoingia, nikampisha kwenye benchi zuri.

Nilijiambia ametoka kuvuta sigara.

Rheya akarudi tena, mwingine kabisa, kama ilivyo kwenye picha, na uongo wangu ukaishiwa pumzi. Jini gani anatupwa kisha analia, anapendwa, anataka kujiua? Nyuma wakaanza: "Picha gani haina ngumi!" "Rudisha hela!" Nikapeleka mbele, nikapeleka tena mbele, mwisho nikaitoa diski na kuweka Commando ya Schwarzenegger, ya mwaka 1985, ambayo kila mtu alikuwa ameiona mara kumi. Wakashangilia. Hakuna hata mmoja aliyeona mwisho wa Solaris, na mimi nikiwemo.

Siku ya tatu asubuhi dereva akaja bandani. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

"Mghoshi, niwekee ile picha. Ila wewe usiseme kitu."

Nikamwambia kuna gharama ya petroli. Akanipa elfu tatu, nami nikazipokea, ingawa nusu ya tangi ilikuwa na mafuta ya jana. Tulikaa wawili gizani, magunia yamefunika madirisha, kwa saa moja na dakika thelathini na tisa. Hakujua Kiingereza kabisa. Lakini kwenye matukio ya zamani, ya duniani, alininong'oneza: "Unaona? Nyumbani kuna rangi ya njano. Kule juu yote ni bluu." Mimi niliyejiita mtafsiri nilikuwa sijaiona hiyo njano. Steven Soderbergh, mwongozaji, alishika kamera ya picha hiyo mwenyewe, na taa ile ya joto ndiyo aliyowapa watazamaji wajue wako wapi. Dereva wa kabichi aliipata mara ya kwanza.

Karibu na mwisho, Kelvin yuko tena jikoni kwake, anakata mboga, anajikata kidole tena. Anakitia kwenye maji na jeraha linafunga papo hapo. Dereva akasogea mbele. "Kidole kimepona," akasema. "Basi huyu hakurudi. Amebaki kulekule." Hapa kwetu kila nyumba inakata karoti na kabichi, hakuna asiyejua kidole kilichokatwa kinauma siku ngapi. Banda zima lingelielewa lile tukio bila neno langu hata moja, na mimi niliwanyima.

Kabla ya kuondoka aliniambia kitu ambacho sikukitafuta. Siku ya mwisho kumwona mkewe akiwa mzima walikuwa wamegombana kuhusu pesa. "Sasa kila nikimkumbuka namkumbuka amenuna. Akirudi kwa njia ile ya kwenye picha, si atarudi amenuna tu?" Katika picha, Kelvin na Rheya nao waliachana kwa ugomvi, na Rheya anayerudi amejaa huzuni kwa sababu hivyo ndivyo mumewe anavyomkumbuka. Sikumwambia dereva hayo, maana sikuyajua. Nilisema, "Pole kaka," nikazima jenereta.

Ningekoma hapo, labda maungamo yangekuwa mafupi. Lakini kwa miaka kama kumi kijiweni nilikuwa na hadithi ya kuchekesha: Wasambaa hawajui picha za akili, niliwawekea ya Clooney wakataka Schwarzenegger. Niliisimulia vizuri. Watu wa Mlola wenyewe waliicheka, wakijicheka, wasijue kwamba aliyeharibu ndiye anayesimulia.

Kisha nikapata simu yenye intaneti, nikasoma kwamba Solaris ilipotoka Novemba 2002, kampuni ya CinemaScore, inayowauliza watazamaji wa Marekani wanapotoka ukumbini, ilipata jibu la F. F, kufeli kabisa. Picha chache mno zimewahi kufikishwa hapo. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nikaongeza kipande hicho kwenye hadithi yangu: hata Wamarekani! Nilitembea na furaha hiyo muda mrefu kabla ya kujiuliza wale Wamarekani walikuwa wameuziwa nini. Jina la Clooney na mapenzi, hasa. Bodi yao ya kupanga umri wa watazamaji ilitaka hata kuwawekea vijana mpaka kwa ajili ya makalio yake, kisha ikalegeza, na gumzo likawa hilo. Watu waliolipa kuona mapenzi ya staa walipewa mfiwa aliye kimya. Ubao wao wa chaki ulikuwa mkubwa kuliko wangu, ila ulisema uongo uleule.

Hata Stanisław Lem, Mpolandi ambaye kitabu chake cha mwaka 1961 ndicho picha hiyo ilitokana nacho, aliilalamikia huku akikiri hajaiona. Nikamwona ndugu yangu. Lakini Lem kitabu kilikuwa chake. Mimi sikuwa na changu ndani ya picha ile isipokuwa maiki.

Yule dereva simwoni siku hizi. Kabichi zinapakiwa na wengine. Ninyi mliokuwemo wengi wenu mpo, nakutana nanyi gulioni, na kuna wanaoniita "Komando" mpaka leo. Mia zenu siwezi kuzirudisha, nilizinunulia petroli. Diski ninayo, imekwaruzika kwenye picha ya sita lakini ya nne inacheza. Jumamosi baada ya Isha, sebuleni kwangu, hakuna kiingilio, chai ipo. Mtafsiri hatakuwepo. Naomba tu msiondoke kabla ya kidole cha pili.